Maji Yana Njia Yake

Ndala ya binti yangu ndiyo iliyonifumbua macho. Ilikuwa Mei 2021, masika yamekolea, bahari ya Malindi imeshageuka rangi ya chai ya maziwa kwa udongo unaoletwa na Mto Sabaki. Jumamosi asubuhi nikafungua mlango wa gari nimpeleke chuoni, nikaikuta ndala yake ya buluu, aliyoisahau tangu juzi, inaelea. Inaelea kwelikweli, upande wa abiria, inazunguka polepole kama kihori kilichokatika kamba. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaenda kutafuta kopo la kufulia maji.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5, kizazi cha pili, la mwaka 2001. Wajapani huliita Roadster. Siti mbili, paa la turubai, buti ya kuingia begi moja tena kwa kubembeleza. Liliingia nchini 2008 kupitia bandari ya Mombasa, likiwa bado ndani ya ile miaka 8 ambayo sheria yetu inaruhusu gari kuukuu kuingizwa. Nililinunua 2019 kwa Mtaliano aliyekuwa anafunga nyumba yake arudi kwao, na bei aliyoniambia ilinifanya nisiulize maswali mengi. Mtaani wanaliita gari la bwana harusi. Nimeshalitoa kwa arusi tatu, na zote tatu bibi harusi alifika na nusu ya shela iko nje ya mlango.

Si gari la ajabu. Lilionyeshwa watu mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na 2016 kiwanda kikatoa la milioni moja. Na gari lolote la paa la kukunja, likishafika umri huu, lina kisa chake cha maji. Kisa changu kilirefuka kwa sababu moja ya aibu ambayo nitaifikia. Kwa sasa jua tu kwamba kazi inayonilisha ni ufundi wa friji na AC. Nimepanda ngazi za hoteli za Malindi na Watamu kwa zaidi ya miaka 15, kufungua AC zinazotiririsha maji ukutani.

Siku ile ya ndala nilifanya kama afanyavyo kila mtu. Nililipeleka kwa fundi wa bodi, naye akafanya kama wafanyavyo wengi wao: akatoa chupa ya silikoni. Akapaka kuzunguka kioo cha mbele, akapaka pembe za milango, akapaka nyuma ya siti pale turubai linapokutana na bodi. Alipomaliza gari zima lilinuka siki. Sikujua kwamba ile harufu peke yake ilikuwa habari. Silikoni ya rahisi, ya kuzibia masinki na madirisha, hutoa asidi ileile ya siki inapokauka, na asidi hiyo ikikuta bati lililochubuka rangi inaanza kulitafuna. Tena silikoni ikishashika mahali, gundi halisi ya kioo cha gari haikubali kushika hapo mpaka uikwangue yote. Nilikuja kuikwangua kwa wembe na kucha, kila siku baada ya isha, karibu wiki mbili, na chini yake nikakuta kutu nyekundu mpya kabisa, mahali ambapo hapakuwa na kutu alipoanza kupaka.

Mvua iliyofuata maji yakaingia kama kawaida, na safari hii yakakaa zaidi.

Basi nikahukumu kwamba makosa ni ya raba za milango. Zilikuwa za miaka 20, ngumu pembeni, zimemeta kwa jua. Nikaenda Mombasa nikauziwa raba ya mita, ile nene ya sponji yenye gundi mgongoni, nikaambiwa inafaa gari lolote. Nikaibandika juu ya ile ya zamani. Mlango ukawa haufungiki ila kwa kusukumwa na nyonga. Isitoshe, milango ya gari hili haina fremu juu. Kioo kinasimama peke yake na kinaegemea raba ya paa. Ukinenepesha raba mahali pamoja, kioo kinasukumwa nje mahali pengine, na pale pengine ndipo upepo unapoanza kupiga mluzi. Nikawa naendesha gari linalopiga mluzi na linalovuja. Ilipofika Desemba gundi ikayeyuka kwa jua, raba ikaning'inia mlangoni kama utumbo kwenye bucha. Sijui nimweleze nani pesa zile.

Februari 2022 ndipo akili iliponiruka. Kaskazi inavuma, jua la utosi, wiki nzima hata kiwingu cha kuombea hakuna. Nikatoka na shemeji yangu Mambrui, AC imefunguliwa mpaka mwisho maana hakuna anayekunja turubai saa nane za mchana mwezi huo. Tulipofika nyumbani akashuka soksi zimelowa.

"Shemeji, gari lako linajikojolea," akaniambia.

Nikafunua kapeti. Maji. Mvua hakuna, mto nimeuvuka juu ya daraja, gari sikuosha. Fundi mmoja akasema ni maji ya rejeta yanayopita kwenye hita ya ndani, na hoja yake haikuwa mbaya, kwa sababu hayo nayo huja miguuni. Lakini maji ya rejeta huwa na rangi, yana utelezi ukiyafikicha, na harufu yake ni tamutamu. Ya kwangu yalikuwa safi kama ya mtungi.

Jirani yangu ni mzee wa Matondoni, Lamu, aliyehamia kwa mwanawe hapa Malindi baada ya magoti kukataa. Maisha yake yote ameunda na kutengeneza majahazi, na Kiamu chake hakijapungua hata neno. Jioni hiyo alikuwa kibarazani akinitazama navyokamua matambara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mai hayo umeyaonda?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Niyaonje? Maji ya chini ya kapeti?

"Chombo kikivuya, kwanda twaonda," akasema. "Yakiwa ya munyu, ubao una tundu. Yakiwa ya baridi, ni mvua, au kuna mtu kapindua mtungi. Usiguse nyundo mpaka uyajue mai ni ya wapi."

Nikachovya kidole nikaweka ulimini, kwa kumheshimu tu. Hayakuwa na chumvi ya kisima chetu. Hayakuwa na ladha ya bomba. Hayakuwa na ladha kabisa, yalikuwa matupu, na yalikuwa baridi. Hapo nikakaa chini kwenye ngazi ya kibaraza nikashika kichwa, kwa sababu ladha ile naijua. Ni ya maji ninayokinga kila siku kwenye ndoo chini ya AC za watu. Sisi mafundi huyaweka kwenye betri, kwa vile hayana madini. Naijua kama mvuvi anavyojua harufu ya chambo.

Hewa ya pwani imebeba maji, kila mtu anajua. Weka gilasi ya sharubati baridi mezani uone inavyotoka jasho. Ndani ya dashibodi ya gari kuna kitu hichohicho, ivaporeta, baridi kama gilasi ile lakini kubwa mara nyingi, na feni inaipulizia hewa ya Malindi bila kupumzika. Jasho lake linakusanyika kwenye bakuli, linashuka kwenye bomba dogo la mpira, linadondoka chini ya gari. Ile michirizi unayoiona chini ya magari yaliyoegeshwa benki mchana ndiyo hiyo. Ikiziba, bakuli linafurika, na kwa magari yetu yenye usukani kulia maji yanamwagikia miguu ya abiria. Mimi, ambaye hupewa pesa kuzibua mabomba hayo, nilikaa miezi nikibandika raba.

Nikalala chini ya gari na tochi mdomoni. Kile kiwiko cha mpira kinachotokeza karibu na ukuta wa injini kilikuwa kimefungwa na udongo mgumu, umefinyangwa vizuri, kazi ya nyigu. Gari la arusi hukaa siku nyingi bila kutembea, naye nyigu hapotezi nafasi. Nikaudukua kwa kijiti. Maji yote ya bakuli yakanishukia usoni.

Ningependa kusema kisa kiliisha hapo. Lakini ndala ya Mei haikuelea kwa maji ya AC, ile ilikuwa mvua. Nilikuwa na mivujo ya aina mbili, ya AC na ya mvua, na kwa kuwa yote ilikusanyika mahali pamoja niliihesabu mmoja. Sponji iliyo chini ya kapeti ndiyo inayodanganya. Ina unene wa vidole viwili, inanyonya maji nyuma inayaleta mbele, inanyonya kulia inayaleta kushoto. Unapoona palipolowa umeona tu bonde, chemchemi iko kwingine.

Kwa hiyo nikafanya kwa utaratibu wa mzee: kwanza fua maji, kausha, kisha ndipo utazame. Siti zinashikwa na nati nne kila moja, spana ya 14. Nikavua siti, nikang'oa kapeti na sponji yake. Lile la upande wa abiria niliinua kwa mikono miwili kama mbuzi wa kuchinja. Likalala juu ya tofali uani siku tano, ndipo likaacha kunuka. Wenye kukausha kwa kufungua madirisha tu, bila kulitoa sponji, wanajipa matumaini. Juu hukauka, chini hubaki bwawa, na bati la sakafu linaliwa bila mtu kuona. Sakafu yangu ilikuwa na madoa matatu ya kutu, hakuna lililotoboka. Brashi ya waya, msasa, rangi ya zinki, rangi ya juu.

Halafu mtihani wa maji. Binti ndani na tochi na karatasi za gazeti zimetandikwa sakafuni, mimi nje na mpira, mzee kwenye kiti akisimamia. Nilitaka kumwagia paani moja kwa moja. Akanizuia. Unaanza chini, unapanda, kwa sababu maji ya juu yatashuka yaguse kila kitu na hutajua nani mwizi. Mpira usibanwe mdomo. Mvua haipigi kama mashine ya kuoshea magari, na maji ya kulazimishwa hupenya hata mahali pazima. Dakika 10 kwenye kizingiti cha mlango, kimya. Dakika 10 kwenye mlango wa kulia, binti akapiga kelele: "Baba, ubao wa mlango unatoka jasho!"

Jambo hili sikulijua, na nadhani wengi hawalijui: ndani ya mlango wa gari maji huingia, hata gari likiwa jipya kutoka kiwandani. Yanapita mdomoni mwa kioo, yanashuka ndani ya bati, yanatokea kwenye matundu madogo chini kabisa ya mlango. Ndivyo lilivyochorwa. Kinachoyazuia yasije kwako ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya ubao kwa gundi nyeusi isiyokauka. Ya mlango wangu mtu alikuwa ameipasua kwa kisu apitishe waya wa spika, akaiacha inapepea kama bendera. Nikakata nyingine kwenye ile nailoni nzito ambayo waashi hutandika chini ya slabu, nikaibandika kwa utepe wa butili, ule wa kuzibia maungio ya mabati ya paa. Ncha ya chini ya nailoni lazima iingie ndani ya mlango, ili tone likiteleza lirudi ndani ya bati, lisije nje. Mara ya kwanza niliiweka nje. Nikabandua nikarudia. Nikazibua na yale matundu ya chini, yalikuwa yamejaa mchanga.

Upande wa abiria mlango ulikuwa mzima. Kioo cha mbele kilikuwa kizima pia, isipokuwa pembe moja ambayo nitaisema baadaye. Tukafika paani. Maji yanateremka turubai, yanakwenda nyuma, na binti ghafla: "Yanakuja! Yanatoka nyuma ya siti!"

Turubai la gari hili halikutegemewa kuziba kila kitu. Kwa nyuma limeshikwa kwenye mfereji wa plastiki unaozunguka kutoka bega hadi bega. Maji yakitoka kwenye kitambaa yanaingia mfereji, yanakwenda pembeni, na kila upande, pale unapotokea mkanda wa siti, yanaanguka kwenye shimo. Shimo lina bomba linaloshuka ndani ya bodi na kutokea chini, mbele ya gurudumu la nyuma. Kama shimo limeziba, maji yanajaa mpaka ukingoni, halafu yanamwagika ndani, au yanaingia kwenye kizingiti na kukaa humo. Magari mengi ya aina hii yameoza hapo hapo, mbele ya gurudumu la nyuma, huku wenyewe wakilaumu mvua.

Nikachukua kikombe cha maji nikamimina kwenye shimo la kushoto. Yakasimama. Nikayatazama, yakanitazama. Juu yake palielea utando mweupe: silikoni ya fundi wa bodi. Alikuwa ameupaka mdomo wa shimo kwa nia njema kabisa, kama mtu anayeziba mlango wa msikiti ili vumbi lisiingie.

Mzee akainamia, akachungulia, akasema kwa sauti ya mtu ambaye hakushangaa: "Mai yana ndia yake. Umeifunga."

Kazini, bomba likiziba tunalipuliza kwa naitrojeni. Nilikuwa nimeshaleta mtungi nyumbani na kufunga mpira, mkono uko kwenye koki, nikakumbuka kwamba bomba lile ni la plastiki ya miaka 20, limechomekwa tu ndani ya bodi, na likichomoka huko hakuna mkono utakaolifikia. Nikarudisha mtungi. Nikatumia mshipi, ule mnene wa kuvulia nguru. Nikauchoma ncha kwa kiberiti ili uvimbe kidogo usiwe na makali, nikausokota taratibu kutoka juu, halafu nikalala chini nikausokota kutoka chini. Mara ya tatu au ya nne ukalegea. Kikatoka kitu kirefu, cheusi, kama soseji, kikaanguka mchangani: udongo, mchanga, mbawa za kumbikumbi, na majani ya mvinje, mamia, yamelala sambamba kama yamesukwa. Kisha maji. Yalitoka kwa mshindo kama mtu aliyekuwa amebana muda mrefu, yakanuka kama matumbawe wakati wa maji kupwa, yakaendelea kutoka baada ya kikombe changu kuisha zamani. Upande wa kulia kulikuwa na ndugu yake.

Mvinje! Hoteli niliyokuwa nikihudumia mwaka ule iko barabara ya Casuarina, na jina hilo la barabara maana yake ni mvinje. Kila siku niliegesha chini ya miti hiyo kwa ajili ya kivuli. Jani lake ni sindano nyembamba, linapita kila wavu na kila upenyo, na likifika kwenye maji halielei, linajipanga. Sasa naegesha juani na nafunika gari kwa shuka. Wenzangu wananicheka, nao wana magari ya mabati.

Baada ya hapo ndipo nilipozirudia raba, kwa adabu zaidi. Nilikuja kugundua kwamba nyingi hazikuwa mbovu, zilikuwa zimelala. Raba ya mlango ndani yake ni tupu kama bomba. Ikibanwa miaka mingi inabaki bapa, haisukumi tena. Kipimo chake ni noti ya shilingi 50: ibane mlangoni, ivute. Ikitoka kwa kusitasita, raba inafanya kazi. Ikiteleza kama barua chini ya mlango, imelala hapo. Njia nyingine ni kupaka raba chaki ya shule, kufunga, kufungua, na kutazama alama upande wa pili. Palipokatika mstari ndipo panapovuja. Nilipata mapengo mawili upande wa kulia na moja upande wa kushoto.

Kabla ya kununua chochote, sogeza kwanza kinachosogezwa. Kile chuma cha nguzoni ambacho kufuli la mlango hukishika kina nati mbili. Ukizilegeza unaweza kukipeleka ndani kiasi cha unene wa ukucha, na mlango utabana raba zaidi. Ndoano mbili za mbele zinazofunga turubai nazo zina nyuzi, unazizungusha zikaze. Kaza kidogo, funga, pima kwa noti, kaza tena. Mimi nilikaza zote mara moja nikashindwa kufunga paa, mvua ikiwa njiani kutoka upande wa Mayungu. Pengo moja lililobaki nilitia ndani ya raba kibomba chembamba cha plastiki, cha matangi ya samaki, nikakivuta kwa uzi kama mtu anayetia mshipi wa suruali. Raba ikainuka ikawa kama imezaliwa. Iliyobaki, ile ya juu ya kioo upande wa dereva, ilikuwa imepasuka, haina dawa. Niliagiza ya kiwandani kutoka Japani na nikangoja karibu miezi miwili. Hiyo haina mbadala wa mita.

Kuhusu kuzilainisha, nimekosea kwa niaba ya wengi. Nilianza na mafuta ya nazi, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna kitu ambacho mafuta ya nazi hayakitibu. Raba zikang'aa siku tatu. Siku ya nne sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka ukutani mpaka kwenye mlango wa gari. Halafu nikajaribu mafuta ya mgando ya kupaka mwilini, na hayo ndiyo mabaya zaidi, kwani yametokana na petroli. Raba za magari nyingi ni za aina iitwayo EPDM, inayovumilia jua na mvua vizuri sana lakini haipatani na mafuta ya petroli wala grisi ya kawaida. Inayanyonya, inafura, inalegea. Kipande nilichokipaka kilivimba mpaka kikatoka kwenye reli yake. Kinachotakiwa ni grisi ya silikoni, na hiyo msiichanganye na silikoni ya kuzibia, ni vitu viwili. Nilihangaika kuitafuta kwenye maduka ya spea, kumbe wanayo wapiga mbizi wa Watamu. Wanaipaka kwenye oringi, zile pete za mpira, za tochi na kamera zao zisiingie maji. Kijikopo kidogo kinanitosha mwaka. Unaosha raba kwa maji na sabuni kidogo, unakausha, unapaka kwa kidole utando mwembamba hata usionekane. Mimi hufanya Machi kabla ya masika, na Oktoba kabla ya vuli, na siku hiyohiyo namimina kikombe kimoja kwenye kila shimo nyuma ya siti nikisikiliza kinavyotoka chini.

Mtihani wenyewe ulikuja vuli ya 2023, ile ya El Niño. Mvua ilinyesha pwani kama imekodiwa, barabara ya Lamu ikakatwa na maji upande wa Mto Tana, mboga zikapanda bei, na hoteli mbili zikanipigia simu usiku mmoja. Gari lilikuwa nje, nyumba yangu haina banda. Kama saa tisa za usiku nikashindwa kulala, nikatoka na mwavuli na tochi. Nikachuchumaa karibu na gurudumu la nyuma. Maji yalikuwa yanatoka kwenye bomba, mkondo wa unene wa kidole, yametoboa mchanga yamefanya kishimo. Nikazunguka upande wa pili, na huko pia. Nilikaa pale nikiyatazama muda ambao sitauandika, maana mke wangu husoma ninachoandika.

Asubuhi binti akaingia kukagua magazeti tuliyotandika. Ya upande wa dereva makavu. Ya nyuma makavu. Ya upande wa abiria makavu, ila ukurasa mmoja, pembeni kabisa, una duara la maji kama chapa ya kikombe cha kahawa. Ni ile pembe ya kioo cha mbele, kushoto chini, mahali silikoni ya fundi wa bodi ilipolila bati. Hapo pataka kioo kishushwe, kutu ikwanguliwe, kioo kirudishwe kwa gundi yake, na kazi hiyo sitaki kuifanyia uani. Mvua kubwa ikipita naingiza hapo kama kijiko kimoja cha chakula. Nimeweka kitaulo.

Mzee aliniuliza juzi kama chombo kimepona. Nikamwambia kimebaki kijiko kimoja.

"Umeyaonda?"

"Nimeyaonja, mzee. Ya mvua."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua tende zake.